Pointi Kumi na Mbili za Bermudo

Umeme ulirudi saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, na mtaa mzima ukasikika ukipumua. Pampu ya jirani ikaanza kukohoa, na redio ambayo mtu aliisahau tangu juzi ikadakia wimbo katikati. Yaumara aliacha cherehani yake, akaenda chumba cha nyuma kuwasha kompyuta kabla dada yake hajamaliza kupiga mswaki.

"Pole pole," Maidelys alisema kutoka bafuni. "Mashine ile ina miaka kumi na tano. Iamkie kwanza."

"Nimeiamkia. Haikujibu. Imekuwa kama wewe."

Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na wote wawili watu wazima. Maidelys, mwenye miaka thelathini na minne, alifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya hapohapo mjini Cienfuegos. Yaumara alikuwa na ishirini na saba na alishona nguo nyumbani. Kwa miaka mitatu walikuwa wakicheza mchezo mmoja wa kompyuta, kila umeme ulipowaruhusu. Maidelys alikuwa Sira, mganga. Yaumara alikuwa mpiga upinde asiyekosa. Wa tatu wao alikuwa Bermudo, shujaa mwenye masharubu na kitambi kidogo, ambaye hakuchezwa na mtu. Kompyuta ndiyo iliyomwendesha. Ila kila alipopanda ngazi, wao ndio walioamua ajifunze nini, na sharti lao lilikuwa moja: hakuna pointi inayowekwa kabla wote wawili hawajakubaliana. Wakati mmoja walibishana juu ya shoka kwa siku nne, mpaka mama yao, Hortensia, akauliza huyo Bermudo ni mchumba wa nani.

Maidelys alikuja na daftari lake, akaketi kwenye kibodi. Yaumara akachukua pedi ya kuchezea.

"Pointi kumi na mbili," Yaumara alisema. "Haya mwalimu, toa hotuba."

"Hakuna hotuba. Leo tunazitumia zote."

"Zote? Wewe? Wewe unayeweka pointi kama bibi anayeficha sukari?"

"Zote. Nianze na Kujifunga Majeraha. Tatu."

Yaumara alicheka. "Ajifunge majeraha wakati mganga yupo? Sira amekwenda likizo?"

"Kuna wakati Sira anakuwa mbali."

"Mbali wapi? Huwa umenigandia mgongoni kama kupe."

Lakini dada alikuwa na hesabu zake, na hesabu zake hazikuwahi kuwapoteza. Yaumara alikubali. Pointi tatu zikaingia. Kisha Maidelys alitaka nyingine tatu ziende kwenye Mlinzi wa Mmoja, ujuzi unaomfanya shujaa achague mtu mmoja na kutobanduka ubavuni mwake mpaka vita viishe.

"Atamchagua nani?"

"Wewe."

"Na wewe wale mbwa mwitu wakufanyeje, wakuimbie?"

"Nitakimbia."

"Hujui kukimbia, Mai. Hata kwenye mchezo hujui kukimbia."

Maidelys hakucheka. Aliweka zile tatu mwenyewe, bila kungoja jibu, na hilo hakuwahi kulifanya. Yaumara alimtazama, kisha akanyoosha mkono akalivuta daftari kutoka mapajani mwake.

Ukurasa ule ulikuwa umepigwa mistari kwa rula. Kulikuwa na mpango wa ngazi zote zilizobaki, hadi mwisho wa mchezo, kwa mwandiko ule wa mviringo ambao wanafunzi wake waliuiga kwa utani. Safu ya Bermudo ilikuwepo. Safu ya mpiga upinde ilikuwepo, pamoja na maelezo mafupi pembeni: hapa usiende upesi, hapa nunua dawa mbili, huyu mwenye pembe mpige ukiwa mbali. Yaumara alifunua ukurasa wa pili na wa tatu.

"Safu ya Sira iko wapi?"

Maidelys alikuwa akitazama kioo cha kompyuta.

"Mai. Safu yako iko wapi?"

"Jumanne," Maidelys alisema.

"Jumanne nini?"

"Naondoka Jumanne. Kwanza Guyana, halafu kwa barabara mpaka Brazil. Osniel, yule wa maabara ya shule, ameshafika Curitiba. Amenitafutia kazi kwenye kiwanda cha kuku."

"Mwalimu wa hesabu anakwenda kukata kuku."

"Ndiyo. Anakwenda kukata kuku."

Jikoni, mama yao alikuwa akichagua mawe kwenye maharage meusi, na sauti ya maharage kuanguka kwenye sufuria ilikuwa imesimama. Yaumara aliisikia ilivyosimama.

"Mama anajua."

"Tangu Februari."

"Na pikipiki yako? Uliniambia iko kwa fundi."

"Niliiuza."

Kilichomuuma Yaumara si safari. Nusu ya mtaa ule ilikuwa imeshaondoka, na yeye alikuwa ameshona suruali za safari za watu wengi, zenye mifuko ya siri kwa ndani. Kilichomuuma ni kwamba kwa miezi hiyo yote alikuwa akicheka katikati ya watu wawili wanaojua.

Alibonyeza pedi, akashuka kwenye orodha ya ujuzi hadi Ngao ya Wawili, ambayo kila mtu aliyecheza mchezo ule aliijua: ilimfanya Bermudo asipenyeke kabisa, lakini ilifanya kazi endapo tu wachezaji wawili walikuwa hai, kila mmoja akichezwa na mtu wake. Akaweka pointi zote sita zilizobaki hapo. Mashine ikauliza kama ana hakika.

"Yauma, usifanye hivyo. Hazirudishwi."

Akabonyeza.

"Haya," alisema. "Sasa hafai kitu bila wewe. Nenda."

Maidelys alifungua mdomo kama anayetaka kumkaripia mwanafunzi, kisha akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yake yalitikisika muda mrefu.

"Nimekaa wiki tatu naandika lile daftari," alisema mwishowe. "Sikujua nikuambieje."

"Ungeniambia tu. Kwa mdomo. Mdomo unao."

"Nilijaribu. Kila nikianza, wewe unacheka. Nikawa najiambia, basi, acha acheke leo."

Hortensia aliingia na vikombe viwili vya kahawa. Aliviweka mezani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akiwa bado ameshika punje ya haragwe kiganjani. Hakumtazama binti yeyote kati yao.

"Chezeni," alisema. "Saa nane wanakata."

Wakacheza. Hawakuwa na jambo jingine ambalo wangeweza kulifanya pamoja bila kuongea. Na siku hiyo walicheza vizuri kuliko siku zote. Ngao ya Wawili iliwaka juu ya Bermudo, akapita katikati ya adui kama mtu anayepita sokoni, na Yaumara akajikuta anapiga kelele "kushoto, kushoto", na Maidelys akienda kushoto. Walifika kwenye nyumba ya wageni kando ya daraja, wakahifadhi mchezo. Umeme ukakatika kabla kahawa haijaisha.

Jumanne gari la kwenda Havana lilikuja adhuhuri, likiwa na watu wengine watatu ndani. Maidelys alimkumbatia mama yake, kisha akamgeukia mdogo wake, ambaye alikuwa ameegemea lango, mikono nyuma.

"Ukiona ngumu, anza upya," Maidelys alimwambia. "Chukua shujaa mwingine, ufuate daftari."

"Usinifundishe kucheza," Yaumara alisema.

Ndilo neno la mwisho alilompa siku hiyo. Gari lilipokunja kona alikimbia hatua kama kumi nyuma yake, akasimama, kwa sababu mama yake alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye kizingiti, na hakukuwa na mwingine wa kumwinua.

Ilipita zaidi ya miezi miwili kabla hajagusa kompyuta. Siku alipoiwasha, Sira alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya wageni, akipepesa macho kama alivyotengenezwa. Mashine iliuliza: Unataka kumwacha mwenzako hapa? Yaumara alikaa na swali hilo mpaka kahawa ikapoa. Kisha akajibu ndiyo.

Darajani, Bermudo aliinua ngao, na ngao haikuwaka. Alijifunga majeraha, alimkinga Yaumara kwa mwili wake bila kubanduka, na akafa. Yaumara alirudia mara nne. Mara zote shujaa alikufa wa kwanza, akiwa ubavuni mwake.

Jumapili simu iliita kutoka Curitiba. Maidelys alisema mikono imevimba, visu ni vizito, na asubuhi kuna ukungu mpaka mtu haonekani. Aliuliza kuhusu shinikizo la damu la mama. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo:

"Umefika wapi?"

"Nimevuka daraja," Yaumara alisema. "Bermudo yuko vizuri. Anapigana kama simba."

"Hata na ile ngao?"

"Hata na ile ngao."

"Yauma, lile daraja halivukiki bila mganga. Nililipigia hesabu."

"Basi sijavuka."

Alimsikia dada yake akivuta kamasi, mbali, na nyuma yake watu wakiongea Kireno. Yaumara alitaka kumwambia kuhusu zile hatua kumi nyuma ya gari. Alitafuta pa kuanzia, na wakati bado anatafuta, salio la Maidelys likaisha.

Hortensia alikuwa amesimama mlangoni, akikausha mikono kwa gauni lake.

"Amesema nini?"

"Amesema huko kuna baridi," Yaumara akajibu.