Ule Anapiga, Njo Analeta Mayi

Asubui ile Fils alimupiga Mutale na kipande ya mbao ku kichwa. Nilikuwa inje ku mbabula ya makala, nakoroga uji ya batoto. Nilisikia mbao, kisha kimya, kisha kilio. Ile kimya ninaijua: batoto ba maternelle, ile masomo ya badogo, bakinyamaza bote pamoja, damu imetoka.

"Tantine Myriam!" maîtresse Edith, mwalimu yetu, akaniita. "Leta kitambaa. Mayi hapana. Mayi Fils ataileta mwenyewe."

Niliingia. Damu ilikuwa inashuka mu jicho ya Mutale, inaanguka tone kwa tone ku mukeka. Fils alikuwa amesimama na mbao yake mu mukono, meno imefungwa, kifua inapanda na kushuka sawa muntu ametoka kukimbia. Miaka tano tu, lakini uso yake ilikuwa ya muntu muzima.

Mu maternelle yetu ya Kasungami kuko sheria moja, na ni maîtresse Edith aliileta: ule anapiga, njo analeta mayi. Hakuna fimbo, hakuna kupiga magoti ku jua. Ukimupiga mwenzako, unaenda ku bidon ya mayi, unajaza kopo, unamuosha pale ulimuumiza, na munakaa bote babili ku mukeka mpaka roho inashuka. Bazazi habaipendi ile sheria. Kwetu, mutoto akipigwa, mama yake anamushika mukono mpaka kwao, ku lupangu ya ule alimupiga, ule mwingine anasimamishwa, na mutoto anaambiwa: "Murudishie." Anarudisha, bamama banacheka, mambo inaisha. Siye bote tulilelewa vile. Maîtresse Edith anasema haiishi, inalala tu.

Siku ya kwanza Fils alipiga, alipewa kopo, akaipiga teke. Maîtresse akaijaza tena, akaibika mbele yake, akakaa chini ku mukeka. Fils akaipiga teke tena. Maîtresse akajaza tena. "Sina haraka," alimwambia. Benzake balikula, balilala, bamama balikuja kubakamata, na maîtresse alikuwa angali anakaa. Mwisho mutoto alichukua kopo. Nusu ilimwangikia ku miguu, lakini aliileta.

Miye nilisoma primaire tu, siko maîtresse. Kazi yangu ni kufagia, kupika uji, kubapeleka batoto ku choo. Lakini ninaangaliaka. Siku moja nilimuona Fils pembeni na mutoto ya bitambaa, ya kuchezea. Alikuwa anaipiga ku uso, mukono wazi, na sauti nzito: "Nani alikupigia telefone? Sema! Sema tena!" Nilienda kumwambia maîtresse. Hakuniambia nirudi ku fagio yangu. Alisema, "Tantine, nikopeshe macho yako. Batoto beko bengi, na miye niko na mbili tu."

Basi tukaanza kuangalia pamoja. Baba yake, Guelord, anaendesha camion ya mizigo ya kwenda ku Kasumbalesa. Kama camion zimefungana ku mupaka na yeye anabaki kule, Fils anacheka, anakula uji mpaka analamba sahani. Baba akirudi, mama Fils anakuja kumuleta mutoto na kitambaa imefunika shavu, na mutoto anapiga benzake tangu ku mulango.

Ile asubui ya Mutale, Guelord alikuwa amerudi.

Directeur Ruphin, mukubwa wa masomo, aliingia na telefone mu mukono, akaona damu, akashika kiuno. "Tena Fils? Maîtresse, unafundisha batoto ao unabaogesha?"

"Ninabafundisha, Directeur."

"Ah bon. Alafu bazazi ba Mutale nitabaambia nini? Kwamba muko munaosha tu? Imetosha. Nilisikia kilio, nikajua ni yeye, nimemupigia baba yake telefone. Iko njiani anakuja kumutosha mu masomo kabisa."

"Kumutosha, aende wapi?"

"Baba amesema atamupandisha mu camion, atakaa naye ku Kasumbalesa."

Maîtresse akamusogelea. "Directeur, mu camion na ile mikono ya baba yake? Kule hakuna hata jirani wa kusikia akilia. Mutoto yule akitoka apa, tunamupoteza."

"Maîtresse, iko mutoto wake."

"Geuka kwanza. Angalia."

Directeur akageuka. Fils alikuwa ameacha mbao. Hakuna muntu alimutuma. Alikuwa ametoka ku bidon mwenyewe na kopo mu mikono mbili, anatembea polepole asimwange, kisha akapiga magoti mbele ya Mutale.

"Si ku sikio!" Mutale akalia. "Ni huku juu, weye! Mayi yako iko baridi sawa chura!"

"Nyamaza. Ninaosha."

Directeur alikohoa. Aliangalia telefone yake sawa vile inaweza kurudisha maneno nyuma. Miye nikarudi inje kuteremusha uji, sababu ilikuwa inapanda.

Guelord akanipita pale pale. Hakusalimia. Mu mukono alikuwa na mupira ya moteur ya camion, ule mukanda unazungushaka ventilateur, ameikunja mara mbili.

"Iko wapi ule mwanaume anapiga batoto ba bantu?"

Nilibeba sufuria, nikamufuata. Ndani batoto balikuwa banajifinya ku ukuta.

"Jambo, papa Fils," maîtresse Edith alisema. "Kaa kwanza."

"Nikae wapi? Ku ile kiti ya kuku?" Aliipiga teke, kiti ikaruka mpaka ku dirisha. "Directeur, ita bazazi ba ule mwingine. Nataka baone na macho. Sitaki muntu aseme Guelord hajue kulea. Fils! Toka apa!"

Fils hakutoka. Mukojo ilianza kushuka ku miguu yake. Ule mupira ukalia mu hewa, ukamukamata mugongoni, na mutoto akaanguka kifudifudi juu ya kopo yake. Mara ya pili haikumupata. Maîtresse alikuwa amejitupa juu yake, na mupira ukamupasua ku shingo.

"Ondoka, mwanamuke!"

"Papa, mukono chini."

"Unanifundisha na miye? Utanipatia kopo na miye?"

Akamupiga ku sikio, ku bega, ku sikio tena. Directeur Ruphin alisema, "Papa Guelord, polepole, papa," akamushika koti, na Guelord akamusukuma na kiwiko. Directeur akaanguka katikati ya biti, damu mu pua. Kisha Guelord alikamata mukono ya maîtresse ili amuvute kutoka juu ya mutoto. Maîtresse hakuachia. Guelord akazungusha. Mufupa ukalia sawa kuni kavu. Nilisikia sauti ya maîtresse, ile sauti sitaisahau, lakini bado hakuachia. Chini ya kifua yake Fils alikuwa analia, "Ule anapiga! Ule anapiga!" hamalizi.

Guelord akainua kiatu juu ya kichwa ya maîtresse.

Nikamumwangia sufuria yote.

Uji haimwangike sawa mayi. Inashikamana. Ilimukamata ku mukono, ku paja, ikabaki pale ikimupika. Alilia sawa mbuzi. Aliangusha mupira, akaanguka, akajigongesha ku ukuta, akabaki anakaa, mukono imeinuka mbele yake, ngozi inaanza kujikunja.



Fils akatambaa, akatoka chini ya maîtresse. Aliangalia baba yake. Aliangalia sufuria. Akaniangalia miye.

"Tantine, weye ulipiga."

"Mutoto," Directeur akasema pale chini, mukono ku pua, "tantine alikulinda."

"Alipiga."

Na batoto bote pale ku ukuta balikuwa bananiangalia. Nilitafuta macho ya maîtresse. Alikuwa ameegemea ukuta, midomo nyeupe, mukono umening'inia pahali mukono haupaswe kuning'inia. Aligeuza tu kichwa, akaangalia bidon.

Basi nikaenda. Nilijaza kopo. Nilipiga magoti mbele ya ule mwanaume.

"Nitakuua, weye," Guelord alisema kati ya meno.

"Utaniua kisha. Leta mukono."

Nilimwangia mayi baridi, nikarudi kujaza, nikamwanga tena, mpaka uji ikatoka. Sikumuhurumia. Lakini nilimuosha vizuri, sababu Fils alikuwa anaangalia kila tone.

Nilipomaliza, Fils alichukua kopo mu mukono yangu. Akaenda ku bidon, akaijaza. Akaibika mbele ya baba yake, akamuonyesha maîtresse na kidole.

"Na weye, papa."

Guelord akaipiga teke. Kopo ikaruka, mayi ikamurukia mutoto ku uso.

Nilimuona Fils akifunga ngumi. Ile mbao ya asubui ilikuwa karibu na muguu yake. Aliiangalia. Alipumua. Akaenda kuokota kopo, akaijaza tena, akaibika pale pale, na akakaa chini ku mukeka, juu ya damu ya Mutale, miguu amekunja.

"Sina haraka," alimwambia baba yake. Ilikuwa sauti ya maîtresse, sawa kabisa.

Inje makelele ilikuwa imefika. Bajirani balikuwa bamesikia. Balijaa ku mulango na bijiti, na majiwe, na mumoja na nyundo. "Iko wapi? Mutoe inje! Amemuvunja maîtresse, na siye tumuvunje!"

Directeur Ruphin akasimama, shati yote damu, akashika mulango na mikono mbili. "Hakuna kuingia. Mumoja aende kutafuta motari na pikipiki yake, tumupeleke maîtresse ku hospitali, na mwingine aite bapolisi. Bengine mungojee."

"Tungojee nini, Directeur?"

"Darasa haijaisha." Akageuza kichwa kidogo, akamuona mutoto pale chini. "Na kesho Fils anarudi apa. Bote musikie."

Muntu mwenye nyundo alipita chini ya mukono yake. Fils akasimama mbele ya baba yake, mwili mudogo, kaptura imeloana.

"Hapana," alisema. "Bado hajaleta mayi."

Ule muntu akasimama na nyundo yake juu. Guelord aliangalia nyundo, aliangalia mugongo ya mutoto, pale mupira uliandika mustari mwekundu. Kisha ile mukono ya kuungua, polepole, ikaanza kutafuta kopo.