Mkate Usio na Chumvi

Mwoka mikate na mkewe walitengana nyumba, lakini mkate hawakutengana. Kila asubuhi mke, mwalimu wa shule ya jirani, alipita kununua mkate wake kama mteja yeyote, wakasalimiana, wakaulizana habari za binti yao, basi. Mtoto huyo, waliyemwita Hamira kwa jinsi asivyotulia, alilala kwa mama siku za shule na kwa baba kuanzia Ijumaa hadi Jumapili jioni. Hakuna hakimu aliyepanga hivyo. Walipanga wenyewe siku mke alipohama, wamesimama mlangoni na masanduku kati yao.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jumapili moja alfajiri, pale dada yake mwoka mikate, aliyekuwa akiuza dukani, alipomletea habari ambazo hakuombwa. Dada huyu alikuwa na moyo mzuri, ila mdomo wake haukujua kufuli.

"Kaka, wifi amepewa uhamisho. Mji mwingine kabisa! Akiondoka na mtoto utafanya nini? Polisi watakuuliza amri ya korti, nawe huna."

"Naye hana."

"Si ndiyo nasema! Aliye naye mkononi ndiye mwenye mtoto. Leo jioni usimrudishe."

Mwoka mikate alizamisha mikono katika unga akaanza kukanda, na kadiri alivyokanda ndivyo alivyoona dada anasema kweli. Katika chumba cha juu Hamira alikuwa amelala fofofo, mguu mmoja nje ya blanketi. Mama mtu ataambiwa nini? Ataambiwa mtoto ana homa. Halafu? Unga uliumuka upesi kuliko siku zote, akaona hiyo ni dalili njema. Mwoka mikate mzima, na hakushtuka!

Duka lilikuwa limechangamka mke aliporudi na nusu ya mkate aliouziwa asubuhi ile, ameubana kwapani. Hakusalimu. Alipitiliza hadi kwenye tanuri.

"Umesahau chumvi."

Mwoka mikate alionja. Kweli, mkate ulikuwa chapwa; ndiyo maana unga uliumuka upesi vile.

"Mara ya mwisho ulisahau siku niliyohama," mke alisema. "Haya, kuna nini?"

Mwoka mikate aliuacha uongo wa homa. Utamficha nini mtu aliyekula mkate wako miaka yote hiyo?

"Nilitaka nisimrudishe Hamira. Nimesikia unahama. Naogopa, mama Hamira. Naogopa nitamkosa mwanangu."

Mke aliketi juu ya gunia la unga bila kujali sketi yake nyeusi.

"Uhamisho nilipewa kweli. Na mimi nikawaza kuondoka naye kimyakimya. Nani angenizuia? Nilishafunga na sanduku lake. Halafu akaniuliza, 'Baba ataniletea mkate huko?' Nimeukataa uhamisho."

"Ungeniambia."

"Nawe ungeniuliza." Alijipangusa unga. "Kesho twende kortini, tukaandikishe tulivyokubaliana."

Dada akadakia kutoka kaunta. "Watu huenda huko kugombana!"

"Sisi tutakwenda tungali tunasikilizana, wifi. Za kuambiwa tumechanganya na zetu."

Hamira akashuka ngazi mbio, akamega mkate, akakunja uso. "Baba, mkate huu una nini?"

"Una woga," mama yake alisema. "Nyunyizia chumvi ule."

Wakacheka wote, hata dada.

Jioni ile karatasi ilikuwa bado haijaandikwa. Mwoka mikate angeweza kufunga mlango na asiulizwe na mtu. Alibeba begi la shule, akamshika Hamira mkono, akampeleka mpaka kwa mama yake.

"Ijumaa utanijia?"

"Nitakujia."

Alirudi peke yake, nyumba kimya, lakini roho yake kwatu. Alfajiri alipima chumvi kabla hata ya unga. Mke alipopita, alimega kipande palepale kaunta, akatafuna polepole huku mwoka mikate akimtazama.

"Haya," alisema, "vaa shati safi twende."