Ukuta wa Joto

Mvua ya Kericho haina adabu, na mabati ya nyumba ya Bonareri yalikuwa yameikaribisha kama mkwe. Kampuni ya chai ilimpa chumba kimoja agawane na Caren, wakatundika leso katikati. Huku sufuria ikikinga maji, kule karai, na mtoto wa Bonareri, Dorine, akikohoa hadi kukicha.

Kiwandani ndiko walikolala. Wanawake wa kupakia walikuwa na mpango wao: aliyezidiwa na usingizi anajibanza nyuma ya magunia, mgongo kwenye ukuta wa chumba cha kukaushia majani, ukuta wenye joto tamu kuliko mume. Mwenzake anabaki kwenye mkanda wa mashine unaoleta chai, anapakia pakiti za wote wawili kwenye katoni. Kisha wanabadilishana. Supavaisa Kiptum aliona kazi inakwenda tu, akajisifu kwa wakubwa.

Siku moja Kiptum akaingia akitabasamu.

"Akina mama, kwenye laini ya juu ya nyumba za wafanyakazi kuna moja imepigwa mabati mapya. Haivuji hata tone. Yule kazi yake itanifurahisha, ni yake."

"Na sisi utatufurahisha lini?" Caren akauliza.

Wakacheka wote ila Bonareri. Yeye kichwani alikuwa keshahama, keshatandika kitanda cha Dorine mahali pakavu.

Usiku huo ikanyesha ya kung'oa migomba. Caren ndiye aliyekesha amempakata Dorine, ili mama mtu apate lepe la usingizi. Asubuhi, mbele ya mkanda, akayumba.

"Mama Dorine, nishikie kidogo. Macho yamekataa."

"Enda tu, dada."

Caren akaenda ukutani. Bonareri akapakia zake, chapuchapu, katoni zikapendeza. Za Caren akaziacha zipite. Zikafika mwisho wa mkanda, zikaanza kuanguka sakafuni: pu, pu, pu.

"Wewe! Za mwenzako!" akanong'ona Chepkosgei, aliyepakia mkanda wa pili.

"Kila mtu na mikono yake."

Kiptum alifuata ule mlio, akamkuta Caren amelala mdomo wazi. Akamvuta gambuti.

"Amka, malkia! Chai yako bado haijaletwa?"

Caren akatazama pakiti sakafuni, akamtazama Bonareri. Kabla ya jioni alikuwa ameshafutwa na kutolewa chumbani, godoro kichwani likinywa mvua. Karai alimwachia Dorine.

Kesho yake Bonareri akajifunga kitambaa kizuri, akaenda kwa Kiptum.

"Nimekuja juu ya ile nyumba."

"Nyumba gani tena, mama? Ile ni ya wale wamebanana. Nilikuwa nakuangalia wewe kabisa, lakini sasa si umebaki na chumba kizima? Jinyooshe! Nimepatia Chepkosgei." Akampiga begani kama rafiki. "Na huo mkanda utashika pande zote mbili. Nimeona mkono wako ni mwepesi."

Mvua haikukosa. Bonareri akamwaga sufuria, akamwaga karai, akambeba mtoto, akarudia sufuria. Hapakuwa na mtu upande wa pili wa leso.

Asubuhi pakiti zikaja zake, zikaja za Caren. Herufi za kwenye pakiti zikaanza kuogelea machoni.

"Chepkosgei, dada yangu, nishikie kidogo tu."

Chepkosgei, aliyelala pakavu, macho maangavu kama ya ndama, hakugeuza shingo.

"Kila mtu na mikono yake, Mama Dorine."

Bonareri akasinzia akiwa wima. Pakiti ya kwanza ikaanguka.