Adabu Kwenye Mlango wa Bahari

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Wahenga hawakuwa na meli za mafuta.

Mwongoza meli alikuwa juu ya mnara, kikombe cha chai kimepoa mkononi, macho kwenye rada. Kazi yake ilikuwa kuzipangia zamu meli kubwa zinazopita kwenye mlango wa bahari. Chini kidogo ya mnara mlango huo hupinda na kubana, na meli mbili kubwa zikikutana pale, heri mabaharia wawe wameshasali. Ndiyo maana ipo sheria. Anayesukumwa na mkondo hupita kwanza, kwa sababu hawezi kusimama. Anayepambana na mkondo hungoja chini ya kona.

Marubani wa kuzipitisha meli hizo walikuwa wengi, ila wawili walikuwa wa kwake. Mmoja mumewe, mwingine shemeji yake, mdogo wa mumewe, baba mmoja mama mmoja. Miaka mitatu ndugu hao hawakusalimiana, tangu mkubwa aliposimamia mtihani wa mdogo wa kuongoza meli kubwa, akamfelisha. Mwaka uliofuata akamfelisha tena. Mdogo akabaki na vimeli vidogo, na kwenye redio wakawa wanazungumza kama watu walioshtakiana.

"Ngoja."

"Nangoja."

Basi. Hakuna habari za nyumbani, hakuna pole na kazi. Na pale kwenye kona hakuna meli iliyopata hata mkwaruzo.

Mwaka huu msimamizi alikuwa mwingine, na mdogo akafaulu. Jumamosi ukoo ukawakalisha chini, watu wakalia, ndugu wakakumbatiana. Mwongoza meli naye alilia, maana ndilo alilokuwa akiliomba kila siku. Jumatatu asubuhi shemeji akapewa meli yake kubwa ya kwanza, ya makontena, akaja nayo kinyume cha mkondo. Kutoka upande wa pili, mkondo ukimsukuma mgongoni, akaja kaka yake na meli ya mafuta.

"Mdogo wangu," redio ikasema kwa sauti ya mumewe, "nakuona umefika. Leo siku yako. Pita wewe kwanza."

"Hapana kaka. Mkubwa hutangulia."

"Nakupisha mimi mwenyewe."

"Nikupite wewe kaka? Watu watanionaje?"

Mwongoza meli alidhani wanataniana, akatabasamu. Kisha akaangalia rada. Meli ya mafuta ilikuwa inapunguza mwendo, na meli isiyo na mwendo haisikii usukani. Inakuwa nyumba inayoelea. Ilianza kwenda kiubavu kuelekea miambani, na nyuma ya miamba kuna nyumba za watu. Huku chini, shemeji kwa kuona haya naye alipunguza injini mpaka mkondo ukaanza kumrudisha na kumgeuza. Waungwana wawili walikuwa wanaziba njia kwa heshima.

Akashika redio, na hapo mkono ukasita. Ugomvi wa miaka mitatu ulianza kwa mtu kuaibishwa mbele za watu, na sasa ingebidi amkemee mumewe mbele ya mdogo wake na kila meli inayosikiliza. Aliogopa. Aliogopa meli na aliogopa nyumba yake, ila meli zilikuwa karibu zaidi.

"Rubani wa meli ya mafuta, hapa mnara. Ongeza mwendo sasa hivi. Unapita wewe."

"Mama watoto, tumwache kwanza mdogo wa..."

"Mama watoto hayupo hapa. Ongeza mwendo."

Redio ikajibu kwa sauti ya mtu aliyemwagiwa maji: "Naongeza mwendo."

"Rubani wa makontena, ongeza injini mpaka meli isimame ilipo. Bana kulia kwako. Usimpishe mtu, ngoja tu."

"Nangoja, shemeji."

"Mnara."

"Nangoja, mnara."

Meli zilipishana kwa nafasi ndogo hivi kwamba, inasemekana, mpishi wa meli ya makontena aliyetoka kumwaga maji machafu aliuona wazi mswaki mdomoni mwa baharia wa meli ya mafuta. Baada ya hapo mkuu wa bandari akapiga simu.

"Nani alipunguza kwanza?"

"Meli ya mafuta."

"Rubani wake si ndiye mumeo?"

"Ndiye."

"Asipande meli mpaka nitakaposema. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia."

Alipofika nyumbani alisikia kelele za wanaume kuanzia getini. Yamerudi, alijisemea. Akaingia jikoni, akawakuta ndugu wawili wamekaa mezani, kila mmoja anadai kosa ni lake, na kila mmoja amekasirika kwamba mwenzake anamnyang'anya.

"Nimekutaja wewe," alimwambia mumewe. "Hupandi meli mpaka mkuu aseme."

"Umesikia?" mume akamwambia mdogo wake, kama aliyeshinda kesi.

Hapo mwongoza meli akashindwa kujizuia. "Mngekufa," alisema. "Mngekufa wote wawili mkipishana, na mimi nawaangalia. Ulikuwa unatafuta nini pale?"

"Nilitaka ajue kwamba najua anaweza."

"Si umwambie? Huyo hapo, ana masikio."

Mume akaangalia dirisha, akakohoa. Mtu aliyethubutu kusimamisha meli nzima ya mafuta ili asiseme sentensi moja, sasa ilimbidi aitafute.

"Ulikuwa unaweza," alisema. "Hata ule mtihani wa pili ulikuwa umefaulu."

Shemeji alimtazama kaka yake. Hakuuliza kwa nini. Aliinuka, akasogeza kiti taratibu, akatoka bila kuaga. Mume akataka kumfuata.

"Mwache," mkewe akamwambia.

Kesho yake shemeji akapanda meli ya nafaka. Aliuitikia mnara kwa maneno ya sheria tu, kama miaka ile ya ugomvi, akangoja chini ya kona panapotakiwa, akapita vizuri kuliko rubani yeyote aliyewahi kupita pale. Mwongoza meli alilia mpaka meli iliyofuata ikauliza kama mnara upo. Akajifuta uso, akaijibu kwamba upo.