Kiungo Chini ya Kutu

Baba yangu, Xing Maotang, alifariki mwezi wa kumi na moja. Siku ya saba ya msiba haijafika, mdogo wangu Jianlu akaweka mezani kitu kilichofungwa kwenye taulo la zamani.

"Dada, kitazame," aliniambia. "Kuna mtu wa Jinan anakitaka hata leo. Mimi macho yangu hayajui haya mambo."

Nilijua ni nini kabla sijafungua. Kilikuwa kisu cha Qi, ufalme wa kale wa huku kwetu, zile fedha za shaba zenye umbo la kisu ambazo watu wa kwetu Linzi walinunulia chumvi na vitambaa wakati kila mfalme alikuwa na fedha zake. Urefu wake kama shubiri, pete mwishoni mwa mpini, na herufi sita ubavuni. Vya herufi tatu nimeshika vingi. Cha herufi sita, mtu anaweza kukaa soko la vitu vya kale mpaka anazeeka asikipate hata kimoja. Na mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Watu huniletea vitu vyao wakisema, "Dada Xing, hebu niambie, ni chenyewe?" nami nawaambia, na mara nyingi huondoka wamenuna.

Hiki sikuwa nimekigusa tangu nina miaka kumi na mitano. Baba alikipata kwa mchuuzi mmoja aliyepita kijijini, akampa baiskeli yake mpya, na mama akakaa wiki nzima bila kumpikia. Miaka mitano baadaye, wakati wa baridi, mama alianza kuvimba miguu, kisha uso. Figo. Hospitali ilitaka malipo kwanza. Jianlu alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, lakini mimi nilikuwa nimesimama palepale mama alipomwambia, "Baba Suqin, kiuze hicho kisu. Nikipona utanunua kingine."

Baba alikifunga kwenye taulo, akatoka theluji ikianguka. Alirudi kesho yake na taulo lile lile kwapani.

"Siuzi," alisema. "Kitu cha miaka zaidi ya elfu mbili hakiuzwi."

"Hata kwa ajili ya mama?" nilimwuliza.

"Nimesema siuzi. Niondokee hapa."

Mama alikufa siku tisa kabla ya mwaka mpya. Maandazi ya sikukuu, yale ya kujazwa nyama na kuchemshwa, hatukuyapika, ingawa nyama yake alikuwa ameshaikata.

Sikumtupa baba. Nilimpelekea unga, nilimfulia, na mwisho nilimgeuza kitandani. Lakini kuongea naye kama baba, hapana. Na niliingia katika biashara hii kwa ajili ya kisu hicho: nilitaka kujua mama alibadilishwa kwa kitu gani. Nilikwenda kwa Mwalimu Teng wa Qingzhou, mtu ambaye sokoni hakuna aliyethubutu kumbishia, nikamwomba anifundishe. Aliposikia jina langu la ukoo aliniuliza kijiji, kisha akanivutia kiti. Nilikaa kwake miaka kumi na tisa.

Basi pale mezani, mbele ya Jianlu, nikakifunga uzi kwenye pete, nikakining'iniza na kukigonga kwa ukucha. Kisu kizima, hata kikiwa kimeliwa na ardhi, hujibu kwa sauti nzito inayokawia. Cha kughushi hulia kikali kama kengele. Hiki kilisema "ko", kikanyamaza, kama bakuli lenye ufa.

"Vipi?" Jianlu aliuliza.

"Niletee maji ya moto."

Kutu ya kweli imeota kutoka ndani ya shaba, tabaka juu ya tabaka, na maji hayaifanyi kitu. Ya uongo imepakwa. Huku kwenye ncha kutu ilikuwa ngumu kama jiwe, na kwenye mpini vilevile. Lakini katikati, upana wa kidole kimoja, ililainika, na harufu ya gundi ikapanda. Nikaichokonoa kwa sindano. Chini yake paling'aa mstari mweupe wa lehemu. Nilipoigeuza lenzi nikaona na herufi ya tatu: nusu ya juu ilikuwa ya mkono mmoja, nusu ya chini ya mkono mwingine. Vilikuwa visu viwili vilivyovunjika, vyote vya kweli, vikafanywa kimoja.

Hilo lingetosha. Lakini kando ya lehemu, chini ya ile gundi, niliona mikwaruzo ya zamani ya sindano, mitatu, mifupi, iliyolala upande wa kushoto, na juu yake imejazwa nta. Kuna mtu alikwishafika pale kabla yangu. Na ninavyokwaruza mimi ni hivyo hivyo, mitatu, kushoto, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Nilipanda basi la Qingzhou asubuhi ile ile.

Mwalimu Teng alikuwa anakunywa uji wa mtama. Nikakiweka kisu mbele ya bakuli lake. Hakukishika.

"Umefika," alisema.

"Baba alikuja kwako."

"Alikuja. Wakati wa theluji. Nilimwambia kimeungwa, hakuna atakayekitaka. Alikaa pale chini akauliza mara tatu kama nina hakika. Kisha akaniomba nikifunike nilipokwaruza, na nisimwambie mtu."

"Mtu, au mimi?"

Alipangusa mdomo. "Alisema ana binti anayeelewa mambo. Alisema, 'Afadhali anione nina roho mbaya kuliko ajue nilitoa baiskeli kwa takataka, na sasa mama yake anakufa sina kitu cha kuuza.'"

"Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kiti hiki, Mwalimu."

"Nilimwahidi. Nikafikiri, nikikufundisha vizuri, siku moja utajionea mwenyewe."

"Vile vipande vilikuwa vya kweli," nilisema. "Hata siku zile, vipande vya herufi sita vilikuwa na bei. Ungeweza kumpa chochote."

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. "Ningeweza. Hakuniambia kuhusu mkewe mpaka amesimama mlangoni. Na mimi nilikuwa nimeitwa mezani."

"Mlikuwa mnakula nini?"

"Suqin, jamani."

"Nakuuliza mlikuwa mnakula nini."

"Chapati za vitunguu majani," alisema mzee. "Na mayai."

Nilichukua kisu changu nikatoka. Sijarudi kwake tena, na nasikia siku hizi haoni vizuri.

Njiani nilingoja nimwonee baba huruma. Ilikuja kidogo, lakini ilikuja na hasira nyingine. Alikuwa na miaka thelathini ya kuniambia. Nimemlisha kwa kijiko, tukitazamana, akameza na kunyamaza, akaniachia chuki niibebe ili yeye asione haya.

Nilipofika nyumbani, mteja wa Jinan alikuwa ameshakaa, Jianlu anamjazia chai. Mdogo wangu alinikonyeza. Nilijua anataka nini: neno moja tu kutoka kwangu.

"Kimeungwa," nilimwambia mgeni. "Hapa, katikati. Aliyekinunua alidanganywa."

Mgeni alishukuru, akavaa kofia, akaenda zake. Jianlu alibaki ameshika birika.

Nikamweleza yote, theluji, sindano, maneno ya baba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua baba hakutaka mtu ajue," alisema. "Umejua leo mchana. Na mtu wa kwanza kumwambia ni mnunuzi, ambaye hata jina lake hulijui."

Niliweka mezani kikombe alichonimiminia. Jianlu akaanza kuondoa vikombe mezani, changu akakiacha.