Siku ya Kuivunja Brimir

...na mkono wangu uko hapa juu ya goti, haujanyanyuka wala sijui kama utanyanyuka, shemeji yangu Steinvör amesimama mbele kwenye meza ya kahawa na sinia la maandazi ya kusokotwa, keshasema, "Wanaokubali timu yetu ya Brimir ijiondoe kwenye ligi wainue mikono," na mikono imeanza kupanda mmoja mmoja, kwa aibu, wa Wojtek umepanda, maskini, Mpolandi wa watu, mfungaji wetu bora, anainua huku anatazama viatu vyake, wa mwalimu wa hesabu umepanda, wangu bado, na mzee Böðvar nyuma yangu hajanyamaza, "Ngoja kwanza, mama mwenyekiti, mnataka kuzika na mgonjwa bado anakohoa!" watu wanacheka kile kicheko cha msibani, Steinvör anamjibu, "Mzee Böðvar, umeshasema mara tatu," naye, "Ya nne ndiyo tamu!" ...acha aseme, akisema mikono inashuka, itabidi tuanze upya, nami napata pumzi, maana nilikuja kukataa, nilimwambia mke wangu mlangoni, Brimir haifi nikiwa hai, baba yangu hakuianzisha ili mimi nije kuivunja kwa kunyoosha mkono kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni... baba, Ísleifur, fundi mapipa, alichukua chuma cha mdomo wa pipa la samaki akakipigilia ukutani kwenye banda la kutilia chumvi, mpira wa kikapu kapewa na baharia wa meli ya kigeni, na baharia huyo hakujua lugha yetu, aliwaeleza mchezo kwa mikono tu, akasahau kuwaonyesha kwamba mpira hudundishwa, basi wakacheza mwaka mzima wakikimbia nao kifuani kama watu waliokumbatia kuku wa wizi, mpaka walipovuka mlima kucheza na wenzao wa upande wa pili, wakachekwa hadi wakataka kurudi kwa miguu, lakini walirudi wamejifunza, na hawakuacha tena... Böðvar anasema, "Ukumbi huu tuliujenga wenyewe, kila mtu na nyundo yake!" ndiyo, kweli, na nguzo tuliziokota ufukweni, magogo yaliyoletwa na bahari, yakawa mafupi, dari ikawa chini kuliko inavyotakiwa, sisi tukakua tunajua kurusha mpira ulale, usipande, wageni wakija mipira yao inagonga boriti na kuwarudia usoni, wanatukana, wanamlalamikia mwamuzi, na mama zetu kwenye mabenchi wanawaambia, "Inameni kidogo, baba, huku Kaldeyri hata mbingu iko chini!" ...na ule mwaka tulipopanda ligi kuu, tukamleta Mmarekani, Darnell, alishuka kwenye kindege mwezi wa kumi na moja, akasimama kwenye barafu na koti la mvua, akauliza jua liko wapi, kaka yangu Hallvarður akamwambia, "Limekwenda likizo, bwana, litarudi mwezi wa pili," Darnell akacheka, akadhani ni utani, hata wiki ya tatu akaacha kucheka, lakini alibaki, asubuhi akikata samaki kiwandani pamoja nasi, jioni akifunga vikapu, na jua liliporudi juu ya mlima tukala chapati za maji na kahawa barabarani, yeye analia kweupe bila kujificha, msimu ule tulipigwa karibu kila mechi, lakini wale wakubwa wa mji mkuu tuliwafunga humu humu, chini ya boriti hizi hizi, Hallvarður ndiye aliyetupa mpira wa mwisho, ukalala, ukaingia, nakumbuka hata vizee walivyoruka... halafu mwenye meli akauza haki za kuvua, meli zikaondoka, na watu wakazifuata, nyumba zikazimika taa mtaa kwa mtaa, tukashuka daraja, tukashuka tena, tukawa tunacheza na mapadri na wauza duka, lakini tulicheza, na Hallvarður ndiye aliyekuwa anatushika, nahodha, dereva, kila kitu, hadi usiku ule wa kurudi kutoka mechi ya ugenini, gari lake mbele, letu nyuma, theluji ikaporomoka kutoka mlimani ikalifunika gari lake, hivyo tu, taa zilikuwepo, hazipo, tukachimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa ubao wa kupangia mbinu, tukamfikia, na alikuwa amekwisha... na kwenye kahawa ya mazishi nilisimama mimi, Ketill, mdogo wake, nikasema tutacheza kwa ajili yake, ukumbi mzima ukasema tutacheza, Steinvör alikuwa wapi wakati ule, alikuwa jikoni anaosha vikombe, tukamtoa humo tukamwambia wewe ndiye utakuwa mwenyekiti, inafaa, mjane wa nahodha, naye akakausha mikono akasema haya, tukampigia makofi, tangu siku hiyo anafua jezi zetu... "Na Hallvarður je?" Böðvar amepaza sauti, "Leo Hallvarður angesema nini?" kaenda mbali huyu mzee, nami nilikuwa na swali hilo hilo mdomoni, nilitaka kulisimamia mimi, Steinvör ameweka chupa ya kahawa chini taratibu, hajakasirika, anasema, "Hallvarður hasemi kitu, mzee wangu. Amekufa. Mimi ndiye ninayesema, na hakuna aliyewahi kuniuliza." Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya siagi, "Kila Ijumaa mnapovuka mlima ule kwenda kucheza, nakaa dirishani. Sivui nguo. Nakaa mpaka gari la mwisho lishuke ndipo najilaza." ...dirishani, ile taa ya dirisha lake, kumbe, nami miaka yote hii tukishuka mlimani nikiiona nilikuwa napiga honi, nawaambia vijana, mwoneni shemeji, anataka kujua matokeo, tena nikishusha kioo, nikipiga kelele, "Tumeshinda, shemeji!" naye ananyanyua mkono nyuma ya pazia na taa inazimika, nikadhani ni furaha, nikadhani tunampelekea kitu, kumbe tulikuwa tunamzika mumewe upya kila Ijumaa na kumfufua kwa honi, na baba, baba alipigilia chuma kile kwa sababu baridi ilikuwa ndefu na watu walitaka kucheka, basi, hakuna aliyemwambia kwamba mchezo utakuja kudai mtu akeshe... Böðvar amekaa, namsikia akipenga kamasi, Wojtek bado na viatu vyake, Steinvör amejifuta mikono kwenye sketi ingawa haina maji, anasema, "Haya, tuanze tena, wanaokubali," na haniangalii, makusudi haniangalii, asije akanilazimisha, na Brimir inaisha, hakuna cha kuizuia, nitaililia nyumbani, nitaililia mwaka mzima, lakini tayari nauhisi mkono ukiondoka gotini, na Ijumaa ijayo, theluji ianguke isianguke, mlimani hatakuwepo mtu wetu hata mmoja, na mwanamke huyu atavua nguo mapema, atalala.