Sanamu Nyuma ya Bembea

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, lori lenye winchi liliingia bustani ya jiji kinyumenyume, likalalia ua wa michongoma. Mzee Reki akaguna kama aliyekanyagwa kidole. Miaka ishirini na tisa alikuwa akiupunguza ua ule kwa mkasi. Jina la Reki alipewa na wauza magazeti wa getini, maana hawakuwahi kumwona bila reki mkononi.

Ndani ya lori, ikiwa imefungwa kwa mablanketi matano, ilikuwamo sanamu ya shaba: mwanamke aliyeketi, shingo ameinamisha, vidole vimebana kitu kisichoonekana. Ilikuwa zawadi ya mwenye kiwanda cha rangi. Afisa wa bustani, mama mwenye haraka na faili nene, alionyesha mahali pake: kando ya chemchemi, uso uelekee getini, watu wapate kupiga picha. Wakaiweka juu ya zege, wakaikaza kwa bolti nne.

Jumatano asubuhi sanamu ilikuwa nyuma ya bembea, imeketi vilevile nyasini. Bolti zilikuwa zimepangwa mstari mmoja juu ya zege. Mzee Reki akazifuta, akazitia mfukoni, akapiga simu.

"Imehama."

"Imehamia wapi?" afisa akauliza.

"Nyuma ya bembea."

"Inaziba njia?"

"Haizibi."

"Hata hivyo irudishwe. Kamati imepitisha chemchemi."

Ikarudishwa. Alhamisi ikahama. Ijumaa ikahama tena, na safari hii iliacha nyayo kwenye umande, nyayo za mtu asiyeuliza njia. Dereva wa winchi alilalamikia dizeli tu.

Jumamosi dada yake Mzee Reki, mshonaji aliyeachishwa kazi na macho, alimletea chakula cha mchana kama kawaida. Alisimama mbele ya sanamu.

"Mdogo wangu, unajua huyu amekaa wapi?"

"Nyasini."

"Amekaa sebuleni kwa mama. Dirishani, pale pa cherehani."

Mzee Reki aliweka mkasi chini. Alijua tangu Jumatano, ila kuna mambo mtu hayasemi mpaka aliyemtangulia kuzaliwa ayaseme. Kabla ya bustani, hapo palikuwa na nyumba arobaini na mbili, ya mama yao ikiwa mojawapo. Alikuwa na miaka tisa tingatinga lilipokuja. Majina yalisomwa kwa kipaza sauti, kila mwenye nyumba akaahidiwa kiwanja, kisha orodha ikasemekana imepotea. Alipokua aliomba kazi ya bustani, na hakumwambia mtu kwa nini.

Wakaketi miguuni pa sanamu. Dada akaegemea nyuma, na kitu kikampokea. Mzee Reki akanyoosha mkono, akagusa ukuta: haukuonekana, lakini ulikuwa na jua la mchana ndani yake, na ile sehemu iliyochubuka alipoburuta kitanda utotoni. Upepo ulikoma kuwafikia. Palinuka mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Akamkumbuka mama akiimba kwa kuguna, pini zimejaa mdomoni, naye akikisia maneno.

"Hafanani na mama," alisema.

"Hata kidogo. Lakini anakaa kama mama."

Wakala, wakimwachia nafasi ya mkono wa kushona.

Habari zikawafikia majirani wa zamani, waliotawanyika mji mzima. Jumapili alasiri walikuja na fimbo zao na miwani yao. Walisimama kwenye nyasi, wakapiga hodi, Mzee Reki akawakaribisha, nao wakaingia mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, maana kizingiti cha juu kilikuwa chini siku zote. Fundi saa alikipata chumba chake karibu na bembea, akamgombeza mtu aliyekuwa akifanya mazoezi ya kukimbia kwa kupita katikati ya kitanda. Yule mtu akaomba radhi, akazunguka.

Jumatatu afisa alikuja na faili. Akaegemea ukuta, akaandika kuwa kamati imebadili mahali. Kisha akatoa kibao cha chuma kilichokwisha kuchongwa: *Zawadi kwa wananchi. Hapa palikuwa pori.*

"Bibie, hapa palikuwa na nyumba," Mzee Reki alisema. "Arobaini na mbili."

"Najua, mzee. Nimeegemea mojawapo."

"Basi andika."

Afisa akaipitia fomu yake, mbele na nyuma, bila hila. "Ina nafasi ya jina la mfadhili na uzito wa sanamu. Nafasi ya nyumba haina."

Kibao kikapigiliwa. Mwenye kiwanda cha rangi akaja, akakata utepe, akasema ni furaha kuona pori limekuwa mahali pa watu. Wazee walimpigia makofi ya heshima wakiwa wamekaa katika vyumba vyao. Viwanja havikutolewa. Kila Ijumaa Mzee Reki alikisugua kibao kile kwa majivu na ndimu, kwa kuwa usafi wa vibao ulikuwa miongoni mwa kazi zake.

Mwaka uliofuata alistaafu. Siku ya mwisho alimtembeza mrithi wake, mama wa makamo aliyekuja akisukuma mashine ya kukata nyasi, akamwonyesha mabomba, ghala na maua yanayochoma. Walipofika nyuma ya bembea alimzuia kwa mkono.

"Hapa usikate kona. Pitia mlangoni."

"Uko wapi?"

Akamwonyesha. Yule mama akazima mashine, akafuta miguu, akaingia.